Jina la Kabla ya Jando

Watu wa mtaa wetu wa Chuno wakitaka kupanda ndege huja kwangu kwanza. Sijui nani aliwatuma, maana mimi nauza madera na viatu vya kike, sikati tiketi. Lakini kwa kuwa nafuata mzigo Kariakoo, na mara mbili tatu nimekwenda kwa ndege, basi nimekuwa mwalimu wao. Nami, kusema kweli, napenda. Nawaambia: usivae mkanda wenye chuma kikubwa, utavuliwa mbele za watu. Mafuta ya nazi na asali tia kwenye begi kubwa, ukiyashika mkononi yataishia kwa askari. Wahi, kaunta ikifungwa imefungwa, hata ulie. Masikio yakiziba wakati wa kushuka, meza mate. Na treni ya umeme ya Dodoma ni hivyo hivyo, geti linafungwa kabla treni haijaondoka, usidhani ni basi utalikimbilia ukipunga mkono.

Yote haya nilimwambia mjomba Mustafa, kwa simu na tena ana kwa ana. Hakuna hata moja lililotusaidia.

Mdogo wangu Asha alikuwa amelazwa Dodoma, anakoishi na mumewe Hashimu, mwalimu wa sekondari. Moyo wake ulikuwa na hitilafu tangu utotoni, na ujauzito wa pili ukauchosha kabisa. Mimba ikatoka, Asha akabaki kitandani akihema kama mtu aliyepandisha mlima na mzigo kichwani. Madaktari wakapanga kumpasua Alhamisi asubuhi. Hawakuficha kwamba anaweza asiamke. Aliponipigia hakulia wala hakuuliza habari za watoto wangu. Alisema, "Da Saida, niletee mjomba kabla sijaingia."

Asiye wa huku ataona ni deko la mgonjwa. Kwetu mjomba ndiye mwenye watoto. Baba tulimjua kwa jina tu, na mama alipofariki mjomba Mustafa ndiye aliyeuza korosho zake tukasoma, ndiye aliyeketi mkekani Hashimu alipoleta posa. Na mpwa akikabiliwa na jambo la hatari, mjomba huchukua unga wa mtama, akaumimina chini kidogo kidogo akiwaita waliotangulia upande wa mama, mmoja mmoja, na kuwaomba wamshike mtoto. Huanza na mama yake mwenyewe, Bibi Nuru, aliyefariki mjomba akiwa bado mdogo. Mashehe wengine wanakunja uso. Mjomba anaswali swala tano na unga anamimina, na hajawahi kuona ugomvi kati ya hayo mawili. Asha alimiminiwa unga huo alipokwenda shule ya bweni, alipoolewa, na alipokaribia kujifungua mtoto wa kwanza. Kuingia kupasuliwa bila unga ule ilikuwa kwake kama kutolewa nje bila nguo.

Nilimuuliza mjomba kama hawezi kuumimina huko huko kijijini kwake. Akasema hapana, unga humiminwa pale kilipo kichwa cha mtoto.

Hashimu akatukatia tiketi kwa simu akiwa Dodoma. Ndege ya Jumatano mchana mpaka Dar, kisha treni ya jioni. Mvua zilikuwa zimekata barabara ya kwenda Dar na magari yalikuwa yamelala njiani, kwa hiyo habari ya basi haikuwepo. Na ndege ya siku hiyo ilikuwa ni hiyo moja.

Mjomba alitoka Kilambo, kule kwenye mto Ruvuma, kwa pikapu ya mkwewe, mzee Alfredo, ambaye binti yake Vania ameolewa na mtoto wa mjomba. Wazazi wa mzee Alfredo walivuka mto kutoka Msumbiji zamani za vita, wakalima, wakazeeka na kuzikwa upande huu. Yeye na mjomba wanaheshimiana mpaka inachosha kuwatazama. Hawali sahani moja, hawataniani, mmoja akikohoa mwenzake anageukia pembeni. Mkwe ni mkwe.

Nikawakuta mlangoni pa uwanja wa ndege. Mjomba alikuwa amevaa kanzu iliyonyooshwa ikanyooka, koti la kijivu juu yake, na unga ameufunga kwenye kitambaa ameushika mkononi.

"Shikamoo mjomba. Kitambulisho?"

"Marahaba. Kipo, mwanangu," akapiga mfuko wa koti.

Nani angemwambia mjomba wake akitoe akikague?

Mlangoni kulikuwa na askari wa kike, kijana, na kando yake dada wa shirika la ndege aliyevaa kibandiko kifuani, Jesca. Wote wawili, ukiwasikia tu wanavyosema, si watu wa Kusini. Askari akachukua tiketi yangu na kitambulisho changu, akatazama, akanirudishia. Akachukua vya mjomba. Akatazama, akatazama tena.

"Mzee, tiketi inasema Mustafa Shafii. Kitambulisho kinasema Chilumba Shafii." Alisema kwa sauti ya kawaida ya mtu wa kazini, nayo ilifika kwa kila aliyekuwa kwenye foleni. "Chilumba ni nani?"

Jina hilo sikuwahi kulisikia tangu nizaliwe. Lakini nilipouona uso wa mjomba sikuhitaji kuelezwa.

Kwetu mvulana akitoka jandoni anatoka na jina jipya. Lile la zamani linaachwa huko huko porini pamoja na utoto wake. Ukilitamka tena mbele ya mwenyewe umemtukana, umemwambia bado ni mvulana, hana ruhusa ya kukaa penye wanaume. Watu wamepigana kwa ajili hiyo, wengine wametozwa mbuzi mbele ya wazee. Mke halijui, watoto hawalijui, mpwa ndiyo kabisa. Sasa mjomba aliandikishwa shule kabla hajaingia jandoni. Cheti cha darasa la saba kikabaki na jina la utoto, na kitambulisho cha Taifa kikafuata cheti. Alikaa nacho mfukoni miaka yote hiyo, akikitoa mahali ambapo hakuna mtu wa kwao. Hashimu naye angeandika nini kwenye tiketi? Aliandika jina la mjomba wa mkewe kama ulimwengu mzima unavyolijua.

Jesca alikuwa mpole, simsingizii. "Mzee, hili dogo. Naweza kulirekebisha hapa hapa. Uthibitishe tu kwamba wewe ndiye huyu Chilumba Shafii, usaini, uingie."

"Mimi naitwa Mustafa," mjomba akasema.

"Sawa, lakini picha hii ni yako?"

"Picha yangu."

"Basi wewe ndiye Chilumba."

"Huyo ni ntoto. Mimi si ntoto."

Nyuma yetu mtu akacheka. Hakuwa mgeni yule, alikuwa mtu wa huku huku, ndiyo maana akacheka. Mzee Alfredo, ambaye alikuwa amesimama hatua chache akisubiri kutuaga, aligeuka akaanza kuitazama pikapu yake kana kwamba imemwita. Alijitahidi asiwe amesikia. Ndivyo ilivyozidi kuwa mbaya.

Nikamvuta mjomba pembeni. "Mjomba, Asha anakungoja."

"Nnajua."

"Sema ndiyo tu. Neno moja."

"Mbele ya mkwe wangu, Saida? Niitike jina la kabla ya jando mbele ya baba yake Vania?"

"Hawa hawajui maana yake."

"Yeye anajua."

Ndani wakawa wanatangaza. Jesca akatazama saa, akatoka tena mlangoni, na kwa nia njema kabisa, kama anayemhimiza babu yake, akapaza sauti: "Mzee Chilumba! Babu Chilumba, njoo, wanafunga!"

Mjomba akampa mgongo. Akasimama hivyo, kitambaa cha unga mkononi, anatazama barabara ya mjini, mpaka kaunta ikafungwa. Nilimsihi, nikamshika kiwiko, mwisho nikamfokea mbele ya mkwewe na mbele ya wote, jambo ambalo mpwa hafanyi. Hakugeuka. Ndege ikaondoka tukiiona.

Ningeweza kwenda peke yangu, tiketi yangu haikuwa na kasoro. Lakini Asha hakuniita mimi.

Mzee Alfredo alitupeleka nyumbani kwangu Chuno, mjomba mbele naye, mimi nyuma na mabegi. Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu aliyenilea. Nilimtazama kisogo chake kupitia kioo, kofia yake safi, nikasema moyoni, heshima yako hiyo, utaila na mboga gani.

Asha alipiga simu kabla ya magharibi. Alidhani tumeshafika Dar. Nikampa mjomba simu, nikaweka sauti ya nje kwa makusudi, nisikie atasema nini.

"Mjomba, mko kwenye treni?"

"Mwanangu, ndege imetukorofisha. Imeharibika."

Nilimtazama. Hakunitazama.

"Mtakuja lini?"

"Kesho."

Tukasikia pumzi ya Asha inavyopanda na kushuka. "Kesho asubuhi nitakuwa ndani, mjomba."

"Waambie wasubiri mpaka jioni."

"Wamesema haisubiri." Kisha akasema, kwa ile sauti yake ya tangu utoto ya kutotaka kumsumbua mtu, "Basi ukifika mimina tu. Hata kama nimelala utanikuta."

Simu ikakatika, mjomba akaendelea kuishika. Mimi nikaenda jikoni, nikalia huko nikiwa na sufuria mkononi, na kilio changu hakikuwa cha huzuni peke yake.

Niliporudi alikuwa pale pale. "Saida," akasema, "mwambie Hashimu tiketi ya kesho aiandike vizuri. Na ya treni."

"Aandike jina gani?"

"Unalijua."

"Silijui. Wewe ni mjomba Mustafa."

Akalisema, chini chini, akitazama mkeka.

"Sijasikia," nikasema. Nilikuwa nimesikia. Akalisema tena.

Alhamisi mzee Alfredo alikuja kutuchukua tena, ingawa hakuna aliyemwomba. Alikuwa amelala mjini kwa jamaa yake, Ufukoni, kwa ajili hiyo tu. Tulipofika mlangoni mjomba alitangulia. Askari alikuwa yule yule. Kabla hajanyoosha mkono mjomba akasema, "Mimi Chilumba Shafii," akampa kitambulisho. Mzee Alfredo alikuwa nyuma yetu ameshika begi langu. Alivua kofia, akaliweka begi chini, akatazama ardhi.

"Safari njema, mkwe," akasema.

Mjomba akamjibu kwa kichwa.

Kwenye mashine ya ukaguzi wakauona unga. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba unga mweupe kwenye kitambaa utamshtua askari wa uwanja wowote duniani, mimi mwalimu wa Chuno nzima. Wakamwambia afungue. Akafungua fundo taratibu, akachota kidogo kwa kidole akaweka ulimini mwenyewe. "Unga wa mtama," akasema. "Wa ngonjwa." Wakanong'ona, wakaunusa, wakamwacha.

Alikaa dirishani na hakutazama nje. Korosho, mihogo, mito inayoingia baharini, vyote vilipita chini yake, mtu ambaye hajawahi kuviona kutoka juu, naye anatazama kile kitambaa mapajani. Tulipoanza kushuka Dar akashika masikio.

"Meza mate, mjomba."

"Ndomo umekauka," akasema.

Stesheni ya treni aliogopa ngazi zinazotembea zenyewe, nikamshika mkono tukapanda. Getini wakamwita tena lile jina, akaitika. Ndani ya behewa mkaguzi akapita na simu yake akisoma, "Bwana Chilumba?" na mjomba akasema, "Ndiyo mimi," kwa haraka, kama mtoto aliyeitwa na mwalimu. Kijana mmoja wa kiti cha mbele akamgeukia akamsalimia, "Shikamoo mzee Chilumba," akimchangamkia. Mjomba akasema marahaba.

Sikumwonea huruma bado. Nilikuwa nahesabu moyoni kwamba jana, wakati kama huu, tungekuwa kwenye kiti hiki hiki, na Asha yuko hai anatungoja.

Tulikuwa tumepita Morogoro, milima imebaki nyuma, simu yangu ikatetemeka. Hashimu. Mtu akikupigia akaanza na kunyamaza, umeshajua.

"Shemeji," akasema. "Asha ametutoka. Hakuamka."

Nikasema inna lillahi. Sikumbuki nilichosema baada ya hapo. Treni ile haina kelele, hiyo ndiyo sifa yake kubwa, inakwenda kasi na unaweza kusikia mtu wa mwisho wa behewa akimenya chungwa. Siku hiyo nilitamani ingekuwa ile ya zamani yenye vyuma vinavyogongana, nipige kelele asinisikie mtu.

Mjomba alikuwa ananitazama. Nikamwambia.

Akauliza, "Lini?"

"Mchana. Tulikuwa hewani."

"Jana tungefika."

"Ndiyo, mjomba."

"Usiku wa jana tungekuwa naye."

"Ndiyo."

Mtu mwingine angemwambia ni kazi ya Mungu, na kweli ni kazi ya Mungu, nami naamini. Sisemi unga ungemtibu Asha. Moyo ulikuwa umeshachoka, daktari mwenyewe alimweleza Hashimu hivyo. Ninachosema ni kwamba aliingia mle ndani akiwa anaogopa, na angeweza kuingia haogopi. Hilo tu ndilo aliloliomba.

Mjomba alivua kofia yake akaiweka juu ya ule unga. Ikakaa hapo mpaka Dodoma.

Tulimwona Ijumaa asubuhi, kabla wanawake hawajaanza kumwosha. Hashimu alikuwa ameomba kwa wahudumu wa chumba cha maiti, wakakubali mjomba aingie kwanza, nami niingie naye. Mlango ukaachwa wazi. Nje pale walisimama Hashimu na wanaume wa msikitini kwao waliokuja na jeneza, na kina Josephu na Gideoni, walimu wenzake, watu wengi kuliko nilivyotegemea. Alipendwa huko, Asha.

Mhudumu akafunua shuka mpaka kifuani. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Kwenye paji la uso palikuwa na mkunjo ule aliokuwa nao akiwa na wasiwasi, wala haukuwa umeondoka.

Mjomba alitandaza kitambaa sakafuni, upande wa kichwa, wasije wakasema anachafua. Akapiga magoti kwa shida. Akachota unga kwa vidole vitatu kama nilivyomwona akifanya maisha yangu yote, akaanza kama anavyoanza siku zote.

"Mama. Ni mimi mwanao Mustafa..."

Akaishia hapo. Mkono ukabaki hewani, unga unaponyoka kidogo kidogo.

Sikuelewa mara moja. Kisha nikakumbuka, na hapo ndipo hasira yangu ilipokatika, sikuiona tena ilikokwenda. Bibi Nuru alikufa mjomba akiwa mtoto. Hakumwona akiingia jandoni, hakumpokea akitoka. Huyo Mustafa hakuwahi kumjua. Katika kila unga aliowahi kumimina, kwa safari na ndoa na uzazi wetu, mjomba alimwita mama yake kwa jina ambalo mama yake hakuwahi kulisikia, kwa sababu kila mara palikuwa na mtu kando ambaye mjomba alimwonea haya.

Wanaume walikuwa mlangoni. Mjomba aliwaona. Akageuza uso akamtazama Asha, akapaza sauti, sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto.

"Mama! Ni mimi, Chilumba. Chilumba wako."

Nje hakuna aliyesogea.

"Ntoto huyu anakuja huko. Anaitwa Asha, ni wa dada yangu. Amekuja peke yake, anaogopa, mpokee. Nilitakiwa nikwambie kabla hajaondoka." Akachota tena. "Sikukwambia, mama. Niliona haya kuitwa jina ulilonipa."

Akaumimina unga wote uliobaki.